Tom Mboya, bwana afya aliyewafungulia wengine mlango wa chuo

Kila asubuhi ya masomo mamia ya vijana hushuka matatu pale Tudor wakaelekea Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na barabara wanayoikanyaga inaitwa Tom Mboya. Waulize huyo Mboya alikuwa nani. Wengi watasema ni yule waziri aliyepigwa risasi Nairobi. Wachache watataja ndege zilizopeleka wanafunzi Marekani. Mimi sijakutana na hata mmoja aliyenijibu kwamba Tom Mboya alikuwa bwana afya. Na hiyo ndiyo kazi aliyosomea, ndicho cheti alichokuwa nacho mkononi kabla ya siasa, na bila ya kazi hiyo sidhani tungelijua jina lake.

Msomaji mpendwa, mimi ni mtoto wa Majengo niliyehamia Nairobi kwa kazi ya ualimu. Chaki nimeshaiweka chini, lakini Jumamosi zangu nyingi nazipitisha na vijana waliomaliza kidato cha nne. Wiki hii niko Kibera, upande wa Makina, wiki ijayo nimepanda matatu ya 46 naenda Kawangware. Tunapitia fomu, tunaandika barua, tunafanya mazoezi ya mahojiano. Na kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, neno ninalolisikia kuliko mengine ni moja tu: udaktari.

Kwa vyuo vikuu vya umma hapa Kenya, mlango wa udaktari hauna mahojiano. Mtoto anachagua kozi, alama zake za Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia na lugha zinajumlishwa, kisha KUCCPS inawapanga watu kuanzia juu kwenda chini mpaka nafasi ziishe. Kompyuta haimuulizi mtu amesoma kwa taa gani wala amechota maji saa ngapi. Aliyepata A anaingia, na aliyepata B+ nzuri sana, katika shule isiyo na maabara ya maana, anaambiwa atafute kwingine.

Lakini mahojiano hayajafa. Shule za uuguzi za hospitali za misheni, wafadhili wanaolipa karo na vyuo vya ng'ambo bado humwita kijana akae mbele ya watu watatu au wanne, wamtazame, wamuulize kwa nini anataka kutibu watu. Hapo ndipo wengi wa vijana wangu hukwama. Watakwambia wanataka kusaidia jamii, basi. Ukiwauliza jamii ipi, na kusaidia kwa lipi, wananyamaza.

Mwaka huu nina msichana mmoja wa Gatwekera, hodari kweli, aliyekosa udaktari na akapangiwa diploma ya afya ya umma. Nyumbani kwao ilikuwa kama matanga. Mama mtu ameshawaambia majirani kwamba mwanawe atakuwa daktari, leo atawaambiaje kwamba anakwenda kusomea kukagua vyoo? Binti mwenyewe anataka kuikataa nafasi, akae nyumbani mwaka mzima. Nilipoona maneno ya kawaida hayamwingii, nikamsimulia maisha ya Mboya. Leo nayasimulia kwenu, maana najua Kisauni na Likoni na Malindi wako akina mama na watoto wa namna hiyo hiyo.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba kubwa la mkonge. Wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa Waluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, waliokuja bara hiyo kutafuta kazi. Baba alikuwa nyapara wa wakata mkonge. Kwa hiyo Mboya hakulelewa kisiwani kwao. Alilelewa kambini, katikati ya Wakikuyu, Wakamba na Waluo, na lugha zao akazinywa pamoja na Kiswahili. Mtu aliyekulia nyumba za kupanga za Kisauni au vyumba vya mabati vya Laini Saba anayajua malezi hayo: jirani yako si wa kabila lako, lakini ndiye anayekuazima chumvi.

Shule alianza kwa Wakatoliki, Kabaa huko Ukambani, akaenda Yala katika Nyanza, kisha Mang'u, ambayo tangu zamani ni miongoni mwa shule zenye jina kubwa Kenya. Hapo Mang'u ndipo maisha yake yalipogonga mwamba. Ilikuwa mwisho wa mwaka 1947. Kichwa kilikuwepo, karo haikuwepo. Mshahara wa nyapara haukutosha kumlipia miaka iliyobakia hadi cheti cha Cambridge huku wadogo zake nao wakihitaji kusoma. Na bila cheti cha Cambridge, Makerere husogei.

Hapa tusimame kidogo, maana kijana wa leo huenda asielewe maana ya Makerere wakati ule. Afrika Mashariki nzima, kuanzia Zanzibar hadi Kisumu, Mwafrika aliyetaka kusomea udaktari bila kuvuka bahari alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda: Makerere, Kampala, na hospitali yake ya Mulago, ambako mafunzo ya utabibu yalianza katika miaka ya 1920. Dar es Salaam ilipata shule ya udaktari mwaka 1963. Nairobi ilingoja mpaka 1967, miaka minne baada ya Uhuru. Mlango ulikuwa mmoja, foleni ilitoka nchi nne. Leo tunalalamika kwamba nafasi ni chache, na ni kweli ni chache, lakini kizazi cha akina Mboya kiliuona mlango huo kwa mbali kama taa ya meli.

Mboya hakukaa nyumbani kungoja. Mwaka 1948 aliingia shule ya mafunzo ya wakaguzi wa afya, iliyofuata mtaala wa Royal Sanitary Institute ya Uingereza, katika Jeanes School pale Kabete. Ni mahali pale pale ambapo leo pana Kenya School of Government. Si mbali na Kawangware ukishavuka barabara ya Waiyaki. Alichokipendea kwanza ni jambo ambalo kila mzazi maskini analielewa: masomo yale hayakumdai baba yake karo.

Alisomea nini? Maji na namna yanavyochafuka. Maziwa na namna yanavyotiwa maji. Nyama ipi ipigwe muhuri na ipi itupwe. Panya na viroboto, mbu na madimbwi, mitaro, vyoo, madirisha, watu wangapi walale chumba kimoja bila kuambukizana kifua kikuu. Daktari hungoja mgonjwa aletwe. Bwana afya anakwenda mtaani kuuzuia ugonjwa kabla haujapata mgonjwa. Nairobi yenyewe ilijua ukali wa jambo hili tangu utoto wake: mwaka 1902 ugonjwa wa tauni uliingia na wakubwa wa mji wakauchoma moto mtaa wa maduka wa Wahindi. Walikosa mitaro, wakatumia kiberiti.

Pale Kabete wanafunzi wenzake walimchagua kuwa kiongozi wao, na alipohitimu mwaka 1950 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Nairobi ilikuwa ndiyo kwanza imepewa hadhi ya jiji mwaka huo huo. Kibera ya siku hizo ilikuwa makao ya Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, na jina lenyewe ni la Kinubi, lenye maana ya msitu. Kawangware ilikuwa sehemu ya Dagoretti, mashamba na vibanda nje ya mipaka ya jiji. Waafrika waliofanya kazi mjini walibanwa mitaa ya mashariki, katika vyumba vilivyojengwa kana kwamba mfanyakazi hana mke wala watoto.

Kijana wa miaka 20 alipewa daftari, akapewa mamlaka ya sheria, akaambiwa azunguke. Fikiria mwenyewe shule ile. Mwanasiasa wa leo huiona mitaa ya maskini wakati wa kampeni, juu ya gari, mkono mmoja umeshika kipaza sauti. Mboya aliijua kwa mfereji wake. Aliingia jikoni, akaingia machinjioni, akahesabu vitanda. Alijua mpishi analipwa ngapi, na mwenye nyumba anatoza ngapi.

Na alijua yeye mwenyewe analipwa ngapi. Mkaguzi Mzungu na mkaguzi Mwafrika walifanya kazi ile ile, kwa sheria ile ile, lakini mishahara ilipishana kama mbingu na ardhi. Kuna kisa alichokiandika katika kitabu chake Freedom and After, kilichotoka mwaka 1963. Siku moja alikuwa peke yake ofisini, akaingia mama wa Kizungu aliyeleta maziwa yapimwe. Mama akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Akamjibu kwa adabu lakini kwa makali, akimuuliza kama macho yake yana kasoro. Mama akakasirika na kumshitaki. Kisa hiki mimi huwasimulia vijana kabla ya mahojiano, kwa sababu mbele ya jopo kuna nyakati mtu anakutazama na hakuoni. Anaona anwani yako, anaona viatu vyako. Ni juu yako kumfahamisha, bila matusi, kwamba chumbani mna mtu.

Ofisini mwake Mboya aliongoza chama cha Waafrika walioajiriwa na Baraza, na kutoka hapo kikazaliwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Wakati ni mbaya mno: Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, viongozi wa KAU wakakamatwa, siasa za Waafrika zikapigwa marufuku. Mwaka 1953 akaiacha kazi ya Baraza na kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil, wakabebwa watu kwa maelfu kupelekwa kizuizini. Shirikisho la wafanyakazi lilikuwa karibu sauti pekee ya halali iliyobaki kwa Mwafrika mjini, na sauti hiyo ilikuwa ya kijana mwenye cheti cha ubwana afya.

Ndipo akafika kwetu. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Wazee wetu wa Majengo na Tudor waliokuwa makuli siku hizo walikuwa wamechoka na ujira usiotosha kodi na chakula. Mboya, mwenye miaka 24, alishuka Mombasa, akawasikiliza, akakaa na waajiri, akawaomba wenzake warudi kazini madai yao yakiwa mbele ya usuluhishi. Nyongeza ya mshahara ikapatikana. Watu wa bandarini walikuwa wamezoea mgomo kuishia kwa rungu la polisi. Safari hii uliishia kwa karatasi yenye saini. Nchi nzima ikauliza huyu kijana ni nani.

Baadaye mwaka huo alikwenda Uingereza, Chuo cha Ruskin, Oxford, akasoma mwaka mmoja mambo ya uhusiano wa kazi. Chuo cha Ruskin kiliwekwa kwa ajili ya watu wazima waliotoka kazini, ambao hawakupata njia ya kawaida ya kuingia chuo kikuu. Aliporudi, Machi 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi ilimchagua yeye. Pwani tulimpeleka Ronald Ngala. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, alikalia kiti cha mwenyekiti katika mkutano wa watu wa Afrika yote huko Accra.

Sasa nafika pale ninapotaka msomaji afike. Mtu huyu aliyefungiwa mlango wa Makerere kwa ajili ya karo hakusahau. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi, na kila alipopita hakuomba bunduki wala sadaka ya unga, aliomba nafasi za masomo na nauli. Akasaidiwa na rafiki yake mfanyabiashara William Scheinman, na watu weusi maarufu wa huko, Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji, wakatia saini barua ya kuchangisha fedha. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka na wanafunzi 81.

Serikali ya kikoloni haikupenda. Hoja yao ilikuwa hii: hawa ni vijana ambao hawakufikia kiwango cha Makerere wala cha vyuo vya Uingereza, na vyuo vingine vya Marekani ni duni, watarudi na karatasi tupu. Mboya alijua kasoro ya hoja hiyo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa jibu lake. Wanaposema hawakufikia kiwango, wanapima nini, akili ya mtoto au mfuko wa babake? Chuo kikiwa na viti vichache, atakayekosa kiti huitwa mjinga, kumbe kilichokosekana ni kiti.

Pamoja na Gikonyo Kiano, aliyerudi na shahada ya udaktari wa falsafa kutoka Marekani, na Kariuki Njiiri, aliyesoma huko huko, Mboya alikaa na maombi kwa mamia. Hayo yalikuwa mahojiano ya aina yake. Mwombaji alitakiwa awe na barua ya chuo kilichomkubali, aonyeshe jinsi atakavyoishi huko, na ndege ndiyo iliyokuwa msaada. Vijijini watu walifanya karamu za chai, wakauza kuku na mbuzi kumpa mtoto wao fedha za mfukoni. Walikuwapo walionung'unika kwamba fulani amependelewa, na hakuna jopo duniani lisilonung'unikiwa. Lakini orodha ilikuwa na Waluo, Wakikuyu na wengineo, wanaume na wanawake, na mmoja wa wasichana wa mwaka 1959 ni Pamela Odede, ambaye baadaye, Januari 1962, aliolewa na Mboya mwenyewe.

Fedha za mwaka uliofuata zilipokosekana na serikali ya Marekani ikakataa kulipa nauli, Mboya alimwendea Seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, Julai 1960, wakati Kennedy anagombea urais. Mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hadi mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 kutoka Afrika Mashariki na nchi za kusini yake walikuwa wamesafirishwa kwa mpango huo.

Mmoja wa waliopanda ndege mwaka 1960 ni msichana wa Nyeri aliyejulikana baadaye kama Wangari Maathai. Alisomea baiolojia Kansas, akarudi Nairobi, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu katika anatomia ya mifugo, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo. Tuzo ya Amani ya Nobel ikamfuata 2004. Kama jopo lile lingetumia kipimo cha wakoloni, wangapi wa namna yake wangebaki mashambani?

Sitaki kumchora Mboya kama malaika. Sisi Wapwani tuna neno letu naye. Alikuwa katibu mkuu wa KANU, na KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu Nairobi. Ngala na KADU walitaka majimbo, watu wa mbali na mji mkuu wawe na usemi juu ya ardhi na hospitali zao. Majimbo yalipatikana katika katiba ya Uhuru, lakini Mboya akiwa waziri wa sheria na mambo ya katiba ndiye aliyesimamia mabadiliko ya mwaka 1964 yaliyoyafuta. Ilichukua miaka karibu 50, hadi serikali za kaunti za 2013, hospitali kurudishwa mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1966 pia alikuwa mstari wa mbele katika mkutano wa Limuru uliomsukuma Oginga Odinga nje. Chombo alichosaidia kukijenga hakikumlinda.

Kuanzia 1964 alikuwa waziri wa mipango ya uchumi, na waraka namba 10 wa mwaka 1965, uliopanga njia ya uchumi wa Kenya, ulipita mikononi mwake. Waraka huo ulielekeza fedha zaidi kwa maeneo yenye rutuba na rasilimali, kwamba yatazalisha na faida itawafikia wengine. Pwani na Kaskazini bado tunaingoja faida hiyo. Haya nayo yasemwe.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, alisimama kwenye duka la dawa la Chhani katika Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alipotoka mlangoni alipigwa risasi, na akafa akiwa hajatimiza miaka 39. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na akanyongwa mwaka huo huo, na swali la nani aliyemtuma likabaki hewani mpaka leo. Mboya akazikwa Rusinga. Mwaka 2011 sanamu yake ilisimamishwa karibu na mahali alipoangukia, na vijana wa Kibera na Kawangware wanaposhuka matatu mjini hupita miguuni pake.

Ninapata nini katika maisha haya cha kumpa kijana anayeelekea mahojiano? Jambo la kwanza ni kwamba elimu ya mtaani mwake ni elimu. Jopo likimuuliza kwa nini anataka kazi ya afya, asiimbe wimbo wa kusaidia jamii. Aeleze alichokiona. Kibera, mkondo wa Ngong unapita umejaa taka mpaka Bwawa la Nairobi. Watu hulipia choo kila wanapokwenda, na usiku wa hatari wengine hawaendi. Maji hupitia mipira iliyolazwa ndani ya mtaro wa maji machafu, mpira ukitoboka mtaa mzima unaharisha. Kawangware, kisima kimechimbwa hatua chache kutoka shimo la choo. Mtoto wa mtaani anayajua haya kuliko mwenyekiti wa jopo, na anayefahamu chanzo cha kipindupindu ameshaanza kazi ya utabibu hata kabla ya kuvaa koti jeupe.

Jambo la pili ni kwamba kazi za afya ni nyingi na zote zinaokoa. Hospitali ya Mbagathi iko ubavuni mwa Kibera, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta haiko mbali. Humo madaktari ni sehemu tu ya watu wanaofanya kazi. Wako wauguzi, wakunga, matabibu wa diploma, watu wa maabara, wa dawa, wa eksirei. Na mitaani yuko bwana afya, na siku hizi yuko bibi afya pia, ambaye akifanya kazi yake vizuri hakuna atakayemshukuru, kwa sababu ugonjwa alioukinga haukuonekana. Sisi wazazi ndio tuliowafundisha watoto kuipima kazi kwa heshima ya jina lake harusini. Tusiwalaumu wakilia.

Jambo la tatu nawaambia wanaokaa upande wa pili wa meza, wanaouliza maswali na wanaogawa nafasi. Mboya alipopewa nafasi ya kuchagua, aliwatafuta waliokosa mlango kama alivyokosa yeye. Alama ni kitu cha maana, sitaki kutibiwa na mtu asiyejua kemia. Lakini B+ ya shule isiyo na maabara na A ya shule yenye maabara tatu hazikupandwa shamba moja, na jopo lenye haki huuliza mbegu ilianguka wapi. Kaunti zetu za Pwani zinatoa basari kila mwaka. Ziwape vijana wa afya ya umma na uuguzi kama zinavyowapa wa udaktari na uanasheria, maana hao ndio watakaorudi Kwale na Kilifi kufanya kazi zahanati ikiwa haina daktari.

Wahenga wetu walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nafasi za vyuo zina siku ya mwisho ya kuthibitisha, na siku hiyo haimngoji anayelia. Kama mwanao amepangiwa afya ya umma, ukunga au maabara, mwambie athibitishe, aende, asome. Akitaka udaktari baadaye, cheti hicho huenda kikamsaidia kuuomba. Na asipoutaka tena, atakuwa na kazi ambayo Kibera, Kawangware na Kisauni zinaihitaji leo hii, kabla mvua hazijaanza.